Maswali ya hesabu na fizikia ya kidato cha kwanza na cha pili yananivuruga kichwa, wajuzi njooni

Msoma_Usiku
Wakuu habari za jioni. Najiandaa na QT, ule mtihani wa maarifa, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Shule niliiacha zamani kwa sababu zisizo na haja ya kuletwa hapa. Sasa nina duka la vipuri vya pikipiki, na usiku nikishafunga ndiyo nafungua daftari. Mwalimu sina. Nina vitabu, nina simu na nina ninyi.

Naomba nieleweke: sitafuti majibu, majibu yapo nyuma ya kitabu. Shida yangu ni kwamba naliona jibu la kitabu, naliona na langu, ila sioni tulipoachana njia. Naanza na haya:

Moja. 12 − 3 + 4. Kwa MAGAZIJUTO napata 5. Kitabu kinasema 13.
Mbili. Kwa nini hasi mara hasi ni chanya? Kanuni naijua kwa moyo. Nauliza kwa nini.
Tatu. Gari linakwenda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa. Wastani wa mwendo? Mimi 50, kitabu 48.
Nne. Newton anasema kila kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta) ina mwitikio ulio sawa nayo na unaoelekea kinyume. Punda anauvuta mkokoteni, mkokoteni nao unamvuta punda nyuma kwa kani ileile. Sasa unatembeaje?
Tano. Maji yakishachemka, hata uongeze moto jotoridi (kiwango cha joto) halipandi. Moto wangu unakwenda wapi?

Mengine nitayaleta tukimaliza haya.

Mzee_wa_Kijiweni
Naweka kiti hapa. Mimi na hesabu tuliachana kwa amani darasa la sita, ila huyo punda nataka kujua hatima yake.

Mwalimu_wa_Chaki
Karibu kijana. Naanza na la kwanza, maana hilo limewala alama watu wengi tangu darasa la nne na wengine wanalibeba mpaka chuo.

MAGAZIJUTO ni mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ukiisoma kama foleni, nani atangulie na nani afuate, utafanya 3 + 4 = 7, kisha 12 − 7 = 5. Sasa angalia ulichofanya. Ile 3 ilikuja na alama yake ya kutoa, na 4 ikaja na alama yake ya kujumlisha. Wewe umezishika zote mbili ukazitia chini ya alama ya kutoa. Hiyo ni 12 − (3 + 4), na mabano hayo hakuna aliyeyaandika.

Ukitaka kuanza na JU, anza nayo, lakini kila namba ihame na alama yake. Zenye kujumlisha ni 12 na 4, jumla 16. Halafu TO: toa 3. Ni 13. Au fanya kama ninavyofanya mimi: kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, kwa hiyo tembea kutoka kushoto kwenda kulia kama unavyosoma gazeti. 12 toa 3 ni 9, jumlisha 4 ni 13.

Mkenya_Mtoro
Mwalimu, kwetu tulifundishwa BODMAS, kugawanya kwanza ndiyo kuzidisha. Binamu yangu aliyesomea Marekani anasema wao ni PEMDAS, kuzidisha kunatangulia kugawanya. Ina maana tukipewa swali moja tutatoa majibu mawili?

Mwalimu_wa_Chaki
Hapana, mradi wote wawili wanajua kwamba kugawanya na kuzidisha vina cheo kimoja. 24 ÷ 6 × 2: kutoka kushoto, 24 ÷ 6 ni 4, mara 2 ni 8. Mmarekani aliyefundishwa vizuri atapata 8. Aliyekariri herufi tu atazidisha kwanza, 6 × 2 = 12, kisha 24 ÷ 12 = 2, na atakosa.

Hapo kuna jambo ambalo sijaona likisemwa sana. Kwenye MAGAZIJUTO, kipande cha GAZI hakimwangushi mtu. Hata ukikitii kama foleni, ukamaliza kila kugawanya kabla ya kuzidisha, jibu linatoka sawa. Kipande cha JUTO ndicho chenye mtego. Kama waliotunga neno hili wangeligeuza likawa MAGAZITOJU, mtoto anayelifuata kama foleni asingeumia: 12 − 3 kwanza, halafu jumlisha 4. Jaribu na swali lolote utakalo. Kutoa kukitangulia hakuharibu kitu. Kujumlisha kukitangulia, na mtu akasahau alama, kunaharibu.

Nadhani sababu yenyewe ni kwamba mtoto wa darasa la tatu hajui namba hasi. Ukimpa 2 − 5 + 4 na kumwambia aanze kutoa, atakwama palepale. Akianza na JU, 2 na 4 ni 6, toa 5, inabaki 1, hajakutana na hasi yoyote. Kwa hiyo JUTO ina akili yake, tatizo inafundishwa bila kutaja alama.

binti_Usangu
Na ile inayozunguka mitandaoni kila mwaka, 6 ÷ 2(1 + 2)? Nusu ya watu wanasema 9 na nusu wanasema 1, wanatukanana mpaka asubuhi.

Mwalimu_wa_Chaki
Hiyo imeandikwa vibaya makusudi ili watu wagombane. Anayetaka kueleweka aandike kwa mstari wa sehemu, juu nini na chini nini. Siipotezei muda.

Msoma_Usiku
Mwalimu shikamoo, na asante. La alama kuhama na namba yake limefungua kitu, kuna maswali kama saba nyuma huko nayarudia leo. Twende la pili.

Mzee_wa_Kijiweni
La pili hata mimi naliweza. Adui wa adui yangu ni rafiki yangu. Hasi mara hasi, chanya. Inayofuata!

Msoma_Usiku
Mzee wangu, nilishaambiwa hivyo. Ila −2 + −3 ni −5. Hapo maadui wawili wamekutana na hawakuwa marafiki, wameongezeka uadui. Kwa nini kwenye kuzidisha wapatane na kwenye kujumlisha wasipatane?

Mzee_wa_Kijiweni
Narudi kwenye kiti changu.

Mwalimu_wa_Chaki
Swali zuri sana hilo, na ndiyo maana ule msemo haufai darasani: unakupa jibu bila kukupa sababu, halafu mtu anaupeleka mahali pasipo pake.

Marahaba kijana. Chukua kalamu. Andika haya yakifuatana kwenda chini:

3 × −2 = −6
2 × −2 = −4
1 × −2 = −2
0 × −2 = 0

Kila ukishuka mstari mmoja, jibu linapanda kwa 2. Mstari unaofuata ni −1 × −2. Ukiendelea na mwendo uleule, ni 2. Ukisema ni −2, umeuvunja mwendo mahali ambapo hakuna sababu ya kuuvunja.

Wengine wataniambia mwendo si uthibitisho, na wana haki. Basi huu hapa. Tunakubaliana kwamba 3 + (−3) = 0, na kitu chochote mara 0 ni 0. Kwa hiyo −2 × (3 + −3) lazima iwe 0. Fungua mabano: −2 × 3, ambayo ni −6, jumlisha −2 × −3, ambayo hatuijui. Jumla yao ni 0. Kitu gani ukikijumlisha na −6 unapata 0? Ni 6 peke yake. Ukikataa kwamba −2 × −3 = 6, basi ukatae pia kufungua mabano, na ukikataa hilo aljebra yote imekwenda na maji.

Kwa hiyo hakuna mtu aliyekaa akaamua tu. Tuliamua kwamba mabano yafunguke kwa namba hasi kama yanavyofunguka kwa namba chanya, na jibu likaja lenyewe.

binti_Usangu
Nyongeza kidogo. Mhindi Brahmagupta aliziandika kanuni hizi mwaka 628. Alitumia maneno ya mali na deni: deni mara deni ni mali. Na huyohuyo alijaribu kugawanya kwa sifuri akasema 0 ÷ 0 ni 0. Hapo leo hatukubaliani naye.

Msoma_Usiku
Dada, hilo nalo lilikuwa kwenye orodha yangu. Kwa nini tusikubaliane naye? Nikigawa hakuna kwa hakuna, napata hakuna.

binti_Usangu
Kugawanya ni kuzidisha kwa kurudi nyuma. 12 ÷ 4 ni 3 kwa sababu 3 × 4 inarudisha 12. Sasa 6 ÷ 0: tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa 0 inarudisha 6. Haipo. 0 ÷ 0: tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa 0 inarudisha 0. Ziko zote, 5 inafaa, 700 inafaa. Moja haina jibu, nyingine ina majibu yote. Zote mbili hazifai kuitwa jibu, ndiyo maana kikokotoo kinaandika kosa.

Msoma_Usiku
Nimekubali. Nililia sana na hilo bure.

Dereva_wa_Masafa
Nimepita hapa kwa bahati, nimeona swali la tatu nikasimama. Mimi si mwalimu, ni dereva wa lori, na hilo ndilo tunalogombana na matajiri wenye malori kila siku.

Chukua safari ya kilomita 120. Kwenda kwa 60, saa 2. Kurudi kwa 40, saa 3. Umetembea kilomita 240 kwa saa 5. Gawanya, 48. Basi.

Msoma_Usiku
Sawa kiongozi, lakini kitabu hakikutaja umbali. Hiyo 120 umeitoa wapi? Na ile 50 yangu ina ubaya gani, si nusu ya 60 na 40?

Dereva_wa_Masafa
120 nimeichukua kwa sababu inagawanyika vizuri kwa 60 na kwa 40. Weka 240, weka 600, utapata 48 tu.

50 yako ingekuwa sahihi kama ungeendesha saa moja kwa 60 na saa moja kwa 40. Lakini hapa umbali ndio ulio sawa, saa haziko sawa. Kwenye 40 umekaa saa 3, kwenye 60 umekaa 2. Ulikokaa muda mrefu ndiko kunakovuta wastani.

Ndiyo maana ukipoteza muda kwenye foleni ya mizani si rahisi kuurudisha kwa kukanyaga mafuta mbele ya safari. Tajiri anapiga simu anasema "si ukimbize kidogo ufidie?" Hajui hesabu hii.

binti_Usangu
Kwa wanaotaka kwa herufi: umbali uwe d. Muda wa kwenda d/60, kurudi d/40, jumla 5d/120. Umbali wote ni 2d. Gawanya 2d kwa 5d/120, d inajifuta, inabaki 240/5. Ndiyo maana kitabu hakikuhangaika kuutaja umbali.

Msoma_Usiku
Hivi swali la bei nalo ni ndugu yake? Bidhaa ya 10,000 imepandishwa asilimia 20, kisha ikapunguzwa asilimia 20. Mimi nilijibu 10,000 bila kupiga hesabu.

Dereva_wa_Masafa
Na wewe ni mfanyabiashara! 10,000 ikipanda inakuwa 12,000. Asilimia 20 ya 12,000 ni 2,400. Inabaki 9,600. Dukani kwako nitakuja kununua cheni.

Msoma_Usiku
Hahaha, karibu sana. Nimeelewa, asilimia ya pili ni ya namba nyingine, si ile ya kwanza. Sasa punda.

Mzee_wa_Kijiweni
HATIMAYE.

binti_Usangu
Punda ni wangu, niachieni. Kosa la swali liko kwenye kuzijumlisha kani mbili zisizo za kitu kimoja. Sheria ya tatu ya Newton, aliyoichapisha mwaka 1687, inazungumzia vitu viwili: mimi nakusukuma wewe, wewe unanisukuma mimi. Kani moja iko juu yako, nyingine iko juu yangu. Haziwezi kufutana kwa sababu hazikutani kwenye mwili mmoja.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama mkokoteni utatembea, tazama mkokoteni peke yake. Nini kinaugusa? Punda anauvuta mbele. Msuguano wa ekseli na ardhi unaurudisha nyuma. Ya punda ikizidi, mkokoteni unaanza kwenda. Ile kani ya mkokoteni kumvuta punda haimo kwenye hesabu hii hata kidogo, iko kwa punda.

Sasa mtazame punda peke yake. Mkokoteni unamvuta nyuma. Nini kinamsukuma mbele? Ardhi. Kwato zake zinaisukuma ardhi nyuma, ardhi nayo inamsukuma yeye mbele. Mwondoe kwenye ardhi ngumu mweke kwenye tope la utelezi, ana misuli ileile lakini haendi popote.

Msoma_Usiku
Pikipiki kwenye tope! Gurudumu la nyuma linazunguka, injini inalia, haisogei. Kwa hiyo injini haisukumi pikipiki, ni barabara inayoisukuma?

binti_Usangu
Injini inalizungusha gurudumu, gurudumu linaisukuma barabara nyuma, barabara inaisukuma pikipiki mbele. Ndiyo. Na wateja wako wakija na tairi zilizoisha meno sasa una cha kuwaambia.

Msoma_Usiku
Dada nikuulize la kujipima. Kitabu kipo juu ya meza. Uzito wake unakivuta chini, meza inakisukuma juu, ziko sawa na zinapingana. Hiyo ndiyo kani na mwitikio wake, si ndiyo?

binti_Usangu
HAPANA, na hapa ndipo mtihani unapowakamata watu wazima kwa watoto. Kani hizo mbili ziko juu ya kitu kimoja, kitabu. Nilikwambia jozi ya Newton huwa juu ya vitu viwili. Uzito wa kitabu ni Dunia kukivuta kitabu. Mwenzake ni kitabu kuivuta Dunia, juu, kwa kani ileile. Dunia ni kubwa mno ndiyo maana huioni ikisogea. Na meza kukisukuma kitabu juu, mwenzake ni kitabu kuikandamiza meza chini.

Uzito na msukumo wa meza vimekuwa sawa kwa sababu nyingine: kitabu kimetulia. Weka kitabu hicho kwenye lifti inayoanza kupanda, meza itakisukuma kwa kani kubwa kuliko uzito wake, na sheria ya tatu itabaki palepale haijavunjika.

Njia ya kujikagua ni hii: sema sentensi yako, "A inaisukuma B". Mwitikio ni sentensi hiyohiyo ukiigeuza, "B inaisukuma A". Ukiona kimeingia kitu cha tatu, umepotea.

Msoma_Usiku
Hii naiandika kwa wino mwekundu.

Mwalimu_wa_Chaki
Binti, umefundisha vizuri kuliko vitabu vingi nilivyowahi kuvishika.

MamaLishe_Mbeya
Jamani na mimi niulize, nimevutiwa na la maji. Nilikuwa napika Dar, sasa napika Mbeya. Maharage yaleyale, mkaa uleule, huku yananichukua muda mrefu zaidi. Watu wananiambia ni maji ya huku. Ni kweli?

FundiFriji
Mama shikamoo. Maji ya huku yanaweza kuwa na lake, maji yenye chokaa nyingi huchelewesha maharage, lakini sababu kubwa iko juu ya kichwa chako. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayokandamiza sufuria yako ni kidogo kuliko ya Dar, kwa hiyo maji yanachemka mapema, kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Unaona yanatokota ukadhani moto umekolea, kumbe ni ya moto kidogo kuliko yale ya Dar. Kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, yanachemka karibu nyuzi 80. Huko chai unapata, maharage sahau.

Dawa ni sufuria ya presha. Inafungia mvuke, kanieneo (mkandamizo) inapanda, maji yanafika karibu nyuzi 120 ndipo yachemke.

Na hapo namjibu mwenye uzi. Moto wako unakwenda kuyageuza maji kuwa mvuke. Chukua kilo moja ya maji yenye nyuzi 20. Kuyafikisha 100 kunahitaji juli (kipimo cha nishati) 336,000. Kuyageuza yote yawe mvuke, bila jotoridi kupanda hata nyuzi moja, kunahitaji juli 2,260,000 hivi. Karibu mara saba! Moto wote huo unakatisha vifungo vinavyoshikanisha chembe za maji. Kipimajoto hakioni kazi hiyo, ila inafanyika.

Mimi nakula kwa jambo hilo. Ndani ya friji gesi inafika kwenye mabomba ya friza ikiwa kimiminika, inachemkia humo kwenye baridi, na kuchemka kwake kunanyonya joto la samaki wako. Kisha kompresa inaikandamiza, inakwenda kulitema joto lile nyuma ya friji. Gusa nyuma, pana moto.

MamaLishe_Mbeya
Marahaba baba. Kwa hiyo yakishachemka nikiongeza mkaa naunguza hela?

FundiFriji
Unaunguza hela. Yaache yatokote taratibu, ufunike. Jotoridi ni lilelile.

Msoma_Usiku
Sasa kwa kuwa fundi wa friji yupo. Kuna mteja aliniambia maji ya moto yanaganda haraka kuliko ya baridi, na kwamba Mtanzania ndiye aliyegundua. Nilimwambia aache chai.

Mwalimu_wa_Chaki
Mwombe radhi mteja wako. Huyo ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu, Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unasubiri yapoe, unaweka kwenye friza. Siku hiyo nafasi ya friza ilikuwa inagombewa, Mpemba akaweka yake ikiwa ya moto. Ikaganda kabla ya ile ya mwenzake aliyeweka maziwa yasiyochemshwa. Akauliza, akaambiwa amechanganyikiwa.

Alipokwenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia nzima. Darasa likapata utani wa bure. Siku moja akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza: vyombo viwili vinafanana, maji sawasawa, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 100, vikiwekwa kwenye friza, kile cha nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar, akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Tangu hapo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba duniani kote.

Mkenya_Mtoro
Nimeshasikia hiyo ilipingwa baadaye.

binti_Usangu
Ndiyo, na ni haki kulisema hilo. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walipima upya, wakapitia na vipimo vya wengine, wakasema hawaoni ushahidi wa kuaminika kwamba maji ya moto hupoa haraka hivyo. Walionyesha hata kusogeza kipimajoto juu au chini kidogo ndani ya chombo kunaweza kukupa jibu jingine. Wengine wanaendelea kuipata. Swali halijafungwa.

FundiFriji
Mimi nina neno la fundi. Friza nyingi za zamani zina theluji kwenye sakafu. Theluji hiyo inazuia baridi. Weka chombo cha moto juu yake, kinaiyeyusha, kinakaa moja kwa moja kwenye bati la baridi. Cha baridi kinabaki kimekalia theluji. Hiyo ni sababu mojawapo, na si ya maji, ni ya friza. Pia maji ya moto yanapoteza mvuke, yanabaki machache ya kugandisha.

Msiende kuweka sufuria za moto kwenye friji zenu sasa. Kompresa italala hoi, halafu mtaniita.

Msoma_Usiku
Kwa hiyo kwenye mtihani nikiulizwa?

Mwalimu_wa_Chaki
Hutaulizwa. Lakini ukiulizwa, sema vyombo vilikuwa vya namna gani, vimekaa juu ya nini, maji kiasi gani, na "kuganda" unamaanisha barafu ya kwanza kuonekana au chombo chote kuwa kigumu. Bila hayo wanaobishana wanaweza kuwa wote wana haki.

Mzee_wa_Kijiweni
Na mimi niulize la kwangu. Bibi alitukataza kulala chini ya mti usiku, mti unakunyang'anya hewa. Sayansi inasemaje?

binti_Usangu
Babu, mmea unapumua usiku na mchana kama wewe. Mchana unafanya pia usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga, unatoa oksijeni nyingi kuliko unayoitumia. Usiku usanisinuru unasimama, kupumua kunabaki. Lakini hewa chafu ya mti wote nje kwenye uwazi haiwezi kukudhuru. Hata anayelala kando yako anatoa hewa hiyohiyo. Bibi alikuwa na sababu nyingine, nyoka na matawi makavu.

Mzee_wa_Kijiweni
Anayelala kando yangu nimemsomea hii. Amenuna.

Dereva_wa_Masafa
Msoma_Usiku, kabla hujalala nakuachia moja ya barabarani. Unakwenda kilomita 120 kwa mwendo wa 40. Tajiri anataka wastani wa safari nzima, kwenda na kurudi, uwe 80. Urudi kwa mwendo gani? Usikimbilie kusema 120.

Msoma_Usiku
Nilikuwa nishaiandika 120 nikaifuta, hahaha. Ngoja.

Safari nzima ni 240. Wastani 80 maana yake saa 3. Kwenda, 120 kwa 40, ni saa 3. Kiongozi, saa zimeisha kabla sijageuza lori. Hata nikirudi kwa ndege sifiki 80. Jibu hakuna mwendo unaofaa.

Dereva_wa_Masafa
Hilo ndilo. Ungerudi kwa 120 ungepata 60 tu. Mpigie wewe tajiri wangu.

Mwalimu_wa_Chaki
Sahihi, na hatua zako zimekaa vizuri, ukiziandika hivyo kwenye karatasi msahihishaji hana pa kukukatia. Kesho lete ya maumbo, na ulete na michoro.